Rangi kwa Sikio: Mwongozo wa Kumjulisha Rangi Mtu Asiyeona kwa Njia ya Sauti

Mama yangu mdogo anaishi Mikindani, na kabla macho yake hayajafifia alikuwa mtu wa kanga hasa. Mpaka leo sanduku lake limejaa doti alizozikusanya tangu ujana. Siku moja alinipa kanga mkononi akaniuliza, "Hii ni ile nyekundu?" Nikamjibu kuwa ndiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena: "Bado nyekundu, mwanangu, au imeshachujuka?" Hapo nilikwama, kwa sababu ilikuwa nyekundu kwa jina tu. Jua na sabuni vilikuwa vimeipausha kiasi kwamba hata mwenyewe sikujua niiite nini.

Swali lile ndilo lililonifundisha kwamba kumtajia mtu jina la rangi na kumfikishia rangi yenyewe ni mambo mawili. Jina ni moja, halipandi wala halishuki, ilhali rangi hukolea, hupauka, hutiwa giza na hukaribiana na jirani yake. Sauti nayo ina tabia hizohizo: huwa nene au nyembamba, safi au yenye mkwaruzo, na huweza kusogea hatua kwa hatua kutoka hapa hadi pale. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuziunganisha tabia hizo mbili, kuanzia mafunzo yasiyohitaji chombo chochote ila mdomo na vitambaa, hadi kifaa kidogo kinachoweza kuundwa na fundi wa elektroniki wa Mtwara mjini, Masasi au Lindi.

Wazo hili lina umri mrefu. Isaac Newton, katika maandishi yake ya mwaka 1704, aliugawa mwanga wa upinde wa mvua katika rangi saba kwa kuufananisha na noti saba za muziki, na baadaye, mwaka 1725, Mfaransa Louis-Bertrand Castel alipendekeza kinanda ambacho kila kibao chake kingeonyesha rangi. Katika zama zetu, mhandisi wa Uholanzi Peter Meijer alichapisha mwaka 1992 mfumo wa kugeuza picha kuwa sauti, ambamo kitu kilicho juu kwenye picha husikika kwa sauti nyembamba, na kilicho na mwanga zaidi husikika kwa nguvu zaidi. Msanii Neil Harbisson, aliyezaliwa akiwa haoni rangi kabisa ila nyeupe, nyeusi na kijivu, ana antena iliyopandikizwa kichwani inayomgeuzia rangi kuwa mitetemo ya sauti. Ikumbukwe hata hivyo kwamba Harbisson anaona maumbo. Yeye anajua anaelekeza chombo wapi, jambo ambalo mtu asiyeona kabisa hulifanya kwa vidole, na ndiyo maana mfumo unaoelezwa hapa umejengwa juu ya kugusa.

Hatua ya kwanza: mjue msikilizaji na haja yake

Kabla ya kuchagua sauti hata moja, kaa na mtu huyo umuulize anataka rangi imsaidie katika jambo gani. Aliyepoteza uoni ukubwani ana kumbukumbu za rangi, naye mara nyingi atataka sauti ifanane na anavyozikumbuka. Mwenye uoni hafifu huenda anatofautisha kiza na mwanga bila tatizo, na kinachomchanganya ni bluu na kijani pekee. Aliyezaliwa haoni hana picha ya kukumbuka, kwa hiyo kumwambia kwamba nyekundu ni "rangi ya moto" kunamsaidia kidogo sana, ila anaweza kuelewa kikamilifu kwamba nyekundu iko karibu na rangi ya chungwa na iko mbali na kijani, ikiwa sauti zake zitakaribiana na kuachana vivyo hivyo.

Kiswahili chenyewe kinatupa daraja ambalo wengi hatulioni kwa sababu tumelizoea. Nyeupe, nyeusi na nyekundu ndizo rangi zetu zenye vivumishi kamili vinavyofuata ngeli: kitambaa cheupe, nguo nyeusi, ukuta mwekundu. Nyingi kati ya zilizobaki tumeziita kwa vitu. Manjano ni kiungo kinachonusika na kuonjwa, zambarau ni tunda linaloukausha ulimi, kahawia imetoka kwenye kahawa, kijivu kwenye majivu, waridi kwenye ua. Mtu asiyeona amevishika vitu hivyo vyote maishani mwake. Unapomfundisha sauti ya zambarau, mpe tunda lenyewe mkononi msimu wake ukiwapo, maana kitu hicho kitalishikilia jina na sauti pamoja akilini mwake.

Hatua ya pili: tengeneza ramani ya sauti

Kila rangi ina mambo matatu: rangi yenyewe (kama ni nyekundu au kijani), kiasi ilivyokolea, na kiasi cha mwanga au giza lake. Kila jambo linapaswa kupewa sifa yake ya sauti, na sifa hizo zisiingiliane.

Kwa rangi yenyewe nimetumia do, re, mi, fa, so, la, ti. Sababu ya kwanza ni kwamba ngazi hii inafahamika: mtu yeyote aliyewahi kuimba kwaya, iwe Ndanda, Masasi au Nachingwea, anayo kifuani tayari. Sababu ya pili ni ya kimaumbile. Rangi huzunguka, kwa maana ukitoka nyekundu ukapitia chungwa, njano, kijani, bluu na zambarau, hatimaye unarudi kwenye wekundu. Ngazi ya muziki nayo huzunguka, kwa kuwa baada ya ti unaikuta do nyingine. Mwanga tunaouona una urefu wa mawimbi wa takribani nanomita 380 hadi 750, yaani upande mmoja unakaribia kuwa mara mbili ya mwingine, na hivyo ndivyo do ya juu ilivyo kwa do ya chini yake. Basi nyekundu ni do, chungwa ni re, njano ni mi, kijani ni fa, bluu ni so, zambarau ni la, na ile zambarau inayoegemea wekundu ni ti.

Mwanga na giza vipewe unene wa sauti. Do nene ni nyekundu iliyoiva sana, ile tunayoiita damu ya mzee; do ya kati ni nyekundu ya kawaida; do nyembamba ni waridi. Zote ni do, kwa sababu zote ni za ukoo wa nyekundu. Ramani hii pia inafichua jambo ambalo hata wanaoona hushangaa kulisikia: kahawia ni rangi ya chungwa iliyotiwa giza, hivyo inaangukia re ya chini. Baadhi ya watu huupa mwanga nguvu ya sauti, kama alivyofanya Meijer, lakini kwa matumizi ya sokoni sikubaliani na njia hiyo, kwa sababu bodaboda moja ikipita, sauti ndogo yote inamezwa na msikilizaji anadhani ameshika kitu cheusi.

Ukolezi upewe usafi wa sauti. Rangi iliyokolea isikike safi kama filimbi, na iliyopauka ichanganywe na mchakacho wa kayamba kwa mbali. Kanga ya mama mdogo, nyekundu iliyochujuka, ni do yenye kayamba ndani yake, na hilo ndilo jibu nililoshindwa kumpa siku ile.

Nyeupe, nyeusi na kijivu hazimo kwenye ngazi hata kidogo, kwa hiyo zisipewe noti. Nyeupe iwe kayamba peke yake, mchakacho mpana kama mvua juu ya bati. Inafaa, kwa kuwa mwanga mweupe wenyewe ni mkusanyiko wa rangi zote. Nyeusi iwe pigo moja zito la ngoma, likatike mara moja. Kijivu ni kayamba hafifu linalofuatiwa na pigo dogo la ngoma.

Kuna jambo moja ambalo ukilisahau kazi yote inaharibika. Watu wachache sana wanaweza kusikia noti moja iliyosimama peke yake wakajua ni fa au ni so. Tulio wengi tunatambua umbali kati ya noti moja na nyingine. Kwa hiyo kila usomaji wa rangi lazima utanguliwe na do ya kati, fupi, kama mwalimu wa kwaya anavyowapa waimbaji sauti ya kuanzia. Do hiyo ichukue theluthi moja ya sekunde, pafuate kimya kifupi, kisha noti ya rangi kwa muda unaozidi nusu sekunde kidogo. Msikilizaji atasikia "do–fa" na kujua kijani, "do–mi" na kujua njano, na kwa nyekundu atasikia do ikirudiwa.

Kuhusu masafa, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde (hezi), do ya chini iwe hezi 262, ya kati 523 na ya juu 1047. Nilianza chini zaidi ya hapo, lakini spika ndogo za simu na za vifaa vya bei nafuu hazibebi sauti nene. Noti ya juu kabisa, ti ya juu, ni hezi 1976, na wazee wengi ambao masikio yao yamepoteza sauti nyembamba bado huisikia vizuri.

Hatua ya tatu: anza na vitambaa na mdomo

Nenda kwa fundi cherehani umwombe mabaki ya vitambaa. Kata vipande vya mraba, sentimita 15 kila upande, vya rangi kumi. Hapa kuna mtego: vipande vyote viwe vya aina moja ya kitambaa na uzito mmoja. Vikitofautiana, vidole vya mtu asiyeona vitajua jibu kabla sikio halijasikia, na utadhani amejifunza rangi kumbe amejifunza nyuzi. Lilinitokea wiki nzima na kijana mmoja wa Chikongola, aliyezaliwa haoni, ambaye alipata kila jibu mpaka nilipombadilishia vitambaa.

Siku za mwanzo tumia tatu tu: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Watafiti Brent Berlin na Paul Kay walionyesha mwaka 1969 kwamba lugha zenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hizohizo tatu, na kwetu ndizo rangi za kisutu, kanga ya harusi. Kwa sauti pia ziko mbalimbali kabisa: kayamba, ngoma na do, kwa hiyo mafanikio huja haraka na moyo unatulia. Mwekee mwanafunzi kipande mkononi, toa sauti yake, mwache akishike huku akiisikiliza mara tatu, kisha taja jina.

Baada ya hapo mpime. Changanya vipande, toa sauti mara 12 bila mpangilio, naye achague jina. Kwa kubahatisha tu angepata takribani nne kati ya 12, kwa hiyo usisonge mbele mpaka apate angalau kumi. Andika makosa yake kwa ukamilifu, kwa sababu makosa yana maana: akichanganya njano na chungwa, ramani inafanya kazi na sikio lake linahitaji muda tu, akichanganya njano na bluu, kuna kitu hakijaeleweka na inabidi urudi nyuma.

Ongeza njano na bluu kwa pamoja, kisha kijani, na mwisho chungwa na zambarau. Kahawia na waridi zije baada ya msikilizaji kuzoea unene na wembamba. Dakika 15 kwa siku zinatosha. Sikio lililochoka husikia kila kitu ni sawa.

Msikilizaji akitaka kubadilisha sauti, mkubalie. Mama mdogo aliikataa filimbi niliyoirekodi kwa ajili ya nyekundu. Alisema nyekundu anayoikumbuka yeye haipigi mluzi, akataka do iimbwe kwa sauti ya mwanamke. Tukairekodi upya kwa sauti ya binti yake, na tangu siku hiyo hakuikosea tena. Ngazi isibadilike, kwa kuwa ndiyo inayobeba ujirani wa rangi, lakini ala au sauti ya kuiimba ni haki ya mwenye masikio.

Hatua ya nne: kifaa

Zipo programu za simu zinazotaja majina ya rangi kupitia kamera, kama Seeing AI ya Microsoft, na ni vizuri kuwa nayo. Tatizo la kamera ni mwanga wa mahali. Kitambaa kilekile kitasomeka vingine kivulini, vingine juani, na vingine chini ya taa ya chumbani, kwa sababu jicho la binadamu husahihisha tofauti hizo bila sisi kujua, ilhali kamera hukosea mara nyingi. Suluhisho ni kihisi, yaani kipande kidogo cha elektroniki kinachopima mwanga, chenye taa yake, kinachogusa kitu na kuzuia mwanga wa nje.

Kihisi nilichotumia ni TCS3200, chenye taa nne ndogo nyeupe na vipokea mwanga 64: 16 vya nyekundu, 16 vya kijani, 16 vya bluu na 16 visivyo na kichujio. Kiunganishe na bodi ya Arduino, kompyuta ndogo inayofuata programu unayoiandikia. Pini za S2 na S3 huchagua kichujio: zote zikiwa chini kinasoma nyekundu, zote zikiwa juu kinasoma kijani, na S2 ikiwa chini huku S3 ikiwa juu kinasoma bluu. Kihisi hutoa mapigo, na mwanga ukiwa mwingi mapigo huwa ya haraka zaidi. Wanaoanza hukosea hapa, kwa sababu amri ya kupima urefu wa pigo hutoa namba ndogo pale mwanga unapokuwa mkubwa. Igeuze namba hiyo kabla ya kuendelea.

Mzunguko wa kihisi uzungushie kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kitokeze sentimita moja mbele ya taa. Mpira ni mweusi, ni laini, unakaa vizuri juu ya nguo na hauchubui tunda. Kisha fanya usawazishaji: soma karatasi nyeupe safi, soma kitambaa cheusi, na uagize programu ihesabu cheupe kuwa 255 na cheusi kuwa 0 kwa kila kichujio.

Kutoka kwenye namba tatu za nyekundu, kijani na bluu, tafuta kubwa kuliko zote na ndogo kuliko zote, kisha tofauti yake. Ikiwa kubwa yenyewe haifiki 30, hiyo ni nyeusi. Ikiwa tofauti ni chini ya moja ya tano ya ile kubwa, hakuna rangi: ni nyeupe, kijivu au nyeusi kulingana na mwanga. Vinginevyo tafuta mahali pa rangi kwenye duara la nyuzi 360. Nyekundu ikiwa ndiyo kubwa, toa bluu kwenye kijani, gawanya kwa tofauti, zidisha kwa 60, na jibu likiwa hasi ongeza 360. Kijani ikiwa kubwa, toa nyekundu kwenye bluu, gawanya na zidisha vivyo hivyo, kisha ongeza 120. Bluu ikiwa kubwa, toa kijani kwenye nyekundu, fanya vilevile, kisha ongeza 240.

Mfano: kitambaa kimesoma nyekundu 200, kijani 170, bluu 40. Tofauti ni 160. Kijani ukitoa bluu ni 130; ukigawanya kwa 160 na kuzidisha kwa 60 unapata nyuzi 49 hivi. Mipaka niliyoiweka ni hii: kuanzia 345 kupita sifuri hadi 15 ni do, hadi 45 re, hadi 70 mi, hadi 170 fa, hadi 255 so, hadi 290 la, na zinazobaki ti. Nyuzi 49 ni mi, yaani njano. Kwa unene wa sauti, chukua wastani wa namba kubwa na ndogo: chini ya 70 ni ngazi ya chini, hadi 170 ya kati, zaidi ya hapo ya juu. Hapa wastani ni 120, kwa hiyo ni mi ya kati. Tofauti ikiwa chini ya nusu ya namba kubwa, kayamba iongezwe. Mipaka hii isogeze kidogo kulingana na kihisi chako, kwa sababu havifanani vyote.

Kanuni ya moja ya tano niliipata kwa gharama. Mwanzoni nilitumia tofauti yenyewe bila kuilinganisha na namba kubwa, na kifaa kikaipigia ngoma ya nyeusi kila nguo ya bluu iliyoiva. Kijana wa Chikongola alikwenda shule na suruali nyeusi badala ya bluu ya sare, akiwa na imani kamili na kazi yangu. Jaribu kifaa kwa bluu ya sare kabla hujamkabidhi mtu yeyote.

Sauti zitoke kwenye kichezeshi kidogo cha DFPlayer chenye kadi ya kumbukumbu iliyo na faili ulizorekodi, kwa kuwa amri ya kawaida ya Arduino hutoa mlio mmoja mkavu usioweza kuchanganywa na kayamba. Weka kitufe kimoja: kukibonyeza mara moja kutoe sauti ya rangi, mara mbili mfululizo kutaje jina kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu wa nyumbani. Hedifoni ikitumika iwe ya sikio moja tu. Masikio ya asiyeona ndiyo yanayomvusha barabara, na hakuna rangi yenye thamani ya kuyaziba.

Hatua ya tano: kuzoea maisha ya kila siku

Kihisi husoma eneo dogo lisilozidi kidole gumba, kwa hiyo nguo yenye maua isisomwe mara moja. Kwa kanga, anza kwenye pindo, soma sehemu mbili, kisha ingia kwenye mji, yaani sehemu ya katikati, usome tatu. Mfuatano huo wa sauti tano unakuwa kama kiitikio cha kanga ile, na kwa njia hiyo mama mdogo huzikutanisha kanga mbili za doti moja zilizotenganishwa kwenye kufuliwa.

Matumizi yanayonifurahisha kuliko yote ni nyanya. Ikiwa mbichi ni fa. Inapoanza kuiva inashuka mi, kisha re, na ikiiva kabisa inafika do. Kupitisha kifaa juu ya fungu la nyanya sokoni ni kusikia ngazi ikishuka na kupanda, na mnunuzi huchagua re kwa mchuzi wa keshokutwa na do kwa wa leo. Usiihamishie kanuni hii kwenye embe bila tahadhari, maana ziko zinazoiva zikiwa bado kijani; huko pua na kidole vinashinda. Bibo la korosho hulia mi au do kutegemea mti wake, nalo halina haja ya kupimwa, kwani korosho huokotwa likishaanguka lenyewe.

Kwa fedha, noti ya 10,000 huegemea nyekundu, ya 5,000 zambarau, ya 2,000 kahawia na ya 1,000 bluu. Soma sehemu mbili zilizo mbali, kwa sababu kila noti ina rangi za pembeni, na ulinganishe pia kwa vidole. Kifaa hiki hakitambui noti bandia.

Chumvi ya hewa ya pwani hula viunganishi, hivyo kihisi kihifadhiwe kwenye mfuko uliofungwa pamoja na karatasi nyeupe na kitambaa cheusi vya kusawazishia. Rudia usawazishaji kila wiki, futa taa kwa pamba kavu, na karatasi ikianza kuwa na umanjano ibadilishe, kwa sababu kifaa kitauhesabu umanjano huo kuwa weupe na kila rangi nyingine itasogea nao.